Kilichokatazwa ni programu, si kumbukumbu

Kila Jumamosi asubuhi, nisipokuwa na safari, mimi huenda Kibera, katika chumba kimoja kilicho karibu na soko la Toi, kuwasaidia wanafunzi wa shule za upili katika masomo yao. Taaluma yangu ni isimu, wala sijapata kudai kuwa mwalimu wa hesabu. Hata hivyo, mwalimu akishaketi mbele ya wanafunzi haulizwi shahada yake ni ya nini. Huulizwa swali lililopo mezani.

Hivi majuzi swali lililokuwepo mezani lilikuwa la msichana mmoja aliyepewa hesabu ya duka. Mtu amenunua vitabu vitatu vya shilingi 65 kila kimoja, viwili vya shilingi 120 na vinne vya shilingi 55. Je, alilipa shilingi ngapi? Wenzake wote walipata 655. Yeye alipata 995. Akarudia hesabu ile ile kwa uangalifu zaidi, na safari hii akapata 1,650. Aliweka kalamu chini akaniambia polepole: "Mwalimu, mimi na hesabu hatuelewani."

Nilikichukua kikokotoo chake, au tuseme chao, kwa maana kilikuwa kikitumiwa na wanafunzi watatu kwa zamu. Katika ukingo wa juu wa kioo palikuwa na herufi ndogo sana, M, ambayo hakuna aliyekuwa ameishughulikia. Herufi hiyo huonekana pale ambapo kumbukumbu ya mashine ina kitu ndani yake. Mvulana aliyekitumia kabla ya msichana huyu alikuwa ameacha humo 340. Naye msichana, kwa kuwa alijumlisha kwa kitufe cha M+ kama alivyoelekezwa na rafiki yake, aliiongezea 340 hiyo 655 yake, akapata 995. Aliporudia, mashine iliongeza 655 nyingine juu ya hizo, ikawa 1,650.

Alikuwa amebonyeza AC kila mara kabla ya kuanza. Lakini kitufe hicho husafisha kioo tu, hakigusi kumbukumbu. Hata kuzima mashine na kuiwasha tena hakungemsaidia, kwani kumbukumbu hiyo hudumu mashine ikiwa imezimwa. Binti huyu hakukosea popote katika hesabu yake. Alibebeshwa mzigo wa mtu mwingine, kisha akajihukumu mwenyewe kuwa hana akili ya hesabu.

Kisa hicho kimenisumbua hadi leo, na ndicho kilichonifanya niandike. Nina hakika kuwa katika Kibera na Kawangware, na popote pengine ambapo kikokotoo kimoja hutumiwa na watoto watatu au wanne, wako wengi waliojihukumu vivyo hivyo.

Nilipowauliza baadhi ya walimu wenzangu kwa nini hawafundishi matumizi ya kumbukumbu za kikokotoo, jibu lilikuwa karibu moja: "Baraza la mitihani limekataza." Kwa heshima zote, hilo si kweli. Kwa miaka mingi karatasi za hesabu za KCSE zimebeba agizo kwamba mtahiniwa anaweza kutumia kikokotoo kisichotoa sauti na kisichopangiwa programu, pamoja na majedwali ya hesabu ya KNEC, isipokuwa pale ambapo swali limeagiza vinginevyo. Kilichokatazwa ni programu, si kumbukumbu. Casio fx-82MS, ambayo wanafunzi wengi wameizoea, haipangiwi programu. Lakini ina nafasi tisa za kuhifadhia nambari, nazo ni A, B, C, D, E, F, X, Y na M. Mwanafunzi anaruhusiwa kuingia na nafasi hizo zote katika chumba cha mtihani. Ila anaingia bila kujua kuwa anazo.

Sababu moja ya hali hii, kwa maoni yangu, ni lugha. Tazama vitufe vyenyewe: STO, RCL, M+, CLR. Hivi ni vipande vya maneno ya Kiingereza vilivyokatwa ili vitoshee juu ya plastiki. Mwanafunzi huvikariri kama alama za uganga. Lakini nyuma yake mna vitenzi vinne ambavyo mtoto yeyote wa Kiswahili anavijua: weka, ita, ongezea, futa. STO huweka nambari mahali penye jina. RCL huiita nambari hiyo kwa jina lake. M+ huongezea juu ya kilichokuwamo. CLR hufuta. Nilipomweleza msichana yule kwa vitenzi hivyo vinne, alicheka, kisha yeye mwenyewe akanionyesha la kufanya: kuweka sifuri katika M kabla ya kuanza. Akapata 655.

Nafasi hizo zenye herufi huitwa vigeu. Sisi wanaisimu tumelitumia neno hili kwa muda mrefu, tunapozungumza juu ya vigeu vya kijamii kama umri na jinsia. Kigeu ni jina linalodumu ilhali kilichomo ndani kinaweza kubadilika. Na hapa sina haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Kibera yenyewe ni kigeu. Jina hili latokana na neno la Kinubi, kibra, lenye maana ya msitu. Wanubi, wazao wa askari waliotumikia jeshi la Mwingereza, walipewa makao hapo mapema katika karne ya 20, na lugha yao ilichunguzwa na mwanaisimu Bernd Heine katika kitabu alichokitoa mwaka 1982. Leo ukisimama Makina au Laini Saba hutauona msitu. Kilichomo kimebadilika, jina limebaki. Mwanafunzi akilielewa hilo ameelewa kigeu ni nini, na hatashangaa kwamba A ya leo asubuhi si lazima iwe A ya jana jioni.

Sasa tuvuke tuende Kawangware, ambako nina rafiki anayefundisha hesabu jioni. Huko nilikuta kosa jingine, la kinyume. Msichana wa Kibera aliponzwa na kumbukumbu aliyoachiwa. Kijana wa Kawangware aliponzwa na kumbukumbu asiyoitumia.

Swali lake lilikuwa hili: shilingi 100,000 zinawekwa kwa riba ya asilimia 13 kwa mwaka, inayopigwa kila mwezi na kulimbikizwa. Zitakuwa ngapi baada ya miaka mitano? Kijana aligawa 13 kwa 12, akaona 1.083333333 kwenye kioo, akaandika 1.08 daftarini. Kisha akairudisha 1.08 hiyo katika mashine na kuendelea hadi mwezi wa 60. Alipata shilingi 190,508. Jibu sahihi ni shilingi 190,886. Amepoteza zaidi ya shilingi 370 njiani kwa kuwa alizitupa tarakimu ambazo mashine ilikuwa tayari kumtunzia.

Lau angeweka matokeo ya ule mgao katika A, kisha akaiita A katika hatua iliyofuata, asingepoteza chochote. Daftarini angeandika 1.083 ili msahihishaji aone njia yake, na ndani ya mashine nambari nzima ingeendelea na safari. Kuna tofauti baina ya tunachomwonyesha msomaji na tunachokihifadhi, na mwanafunzi anastahili kufundishwa tofauti hiyo. Katika mtihani kosa la namna hii hula alama ya jibu la mwisho, ingawa njia yote ni sawa. Na nje ya mtihani, katika chama cha akina mama au mkopo wa pikipiki, hula pesa.

Huenda msomaji akauliza: haya ni mambo ya mashine ndogo, yana faida gani baada ya mtihani kwisha? Niruhusu nijibu kwa aibu yangu mwenyewe.

Nilipokuwa nikiandika tasnifu yangu ya uzamifu, nilirithi kikokotoo cha HP 48G kutoka kwa mhandisi mmoja aliyekuwa akihama. Mashine hizi, zinazopangiwa programu na kuchora grafu, zina historia fupi. Cha kwanza cha kuchora grafu kuuzwa madukani kilikuwa fx-7000G ya Casio, mwaka 1985, na programu zake zote zilipaswa kutoshea katika baiti 422. Sentensi nne au tano za makala haya zingekijaza. HP 48G ilitoka mwaka 1993 ikiwa na kilobaiti 32, na ndani yake mtu aliweza kuunda si vigeu tu, bali saraka, yaani vyumba vyenye majina, ambamo huwekwa vigeu, programu na hata vyumba vingine.

Anayefahamu mitaa yetu hatapata taabu kuelewa saraka. Ukiniambia unaishi Soweto, sijajua unakoishi. Kuna Soweto ya Kibera, kuna Soweto ya Kayole, na kuna ile ya Johannesburg iliyowapa jina. Vivyo hivyo, mtu wa Kawangware akisema anaelekea Congo, huenda hahitaji pasipoti, kwani Congo ni mtaa wa huko huko. Majina haya hayagombani kwa sababu kila moja lina njia yake: Nairobi, kisha Kibra, kisha Soweto. HP 48 hufanya kazi hivyo hivyo. X iliyo katika chumba kimoja haiijui X iliyo katika chumba cha pili. Ukiita jina ambalo halimo chumbani ulimo, mashine hupanda ngazi hadi chumba kinachokizunguka hicho, na kuendelea kupanda hadi chumba kikuu kiitwacho HOME. Haishuki wala haiendi kwa jirani. Ni kama mtoto aliyekosa chumvi jikoni kwao: humwendea mama mkubwa, kisha nyanya.

Faida ya mpango huo huonekana ukiulinganisha na mashine isiyokuwa nao. Katika TI-83, ambayo wanafunzi wengi wa Marekani waliitumia tangu mwaka 1996, herufi A hadi Z ni mali ya wote. Programu moja ikiweka 5 katika A, programu nyingine inayotegemea A huikuta 5 hiyo. Huu ndio msiba wa msichana wa Kibera, ila sasa wanaoachiana mizigo ni programu na programu.

Kitu kimoja katika HP 48 kilinifurahisha kama mwanaisimu. Ukiandika X peke yake, mashine hukupa kilichomo ndani ya X. Ukiiandika katikati ya alama za kunukuu, mashine hukupa jina lenyewe. Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza hupata shida na tofauti hii. Tunaposema Kibera ni kubwa, tunazungumzia mahali. Tunaposema "Kibera" ina herufi sita, tunazungumzia neno. Mtu akisahau alama hizo kwenye mashine na huku X ina 5 ndani yake, mlinganyo alioutaka ubaki na X utageuka kuwa wa tano tupu, naye atakaa akishangaa herufi yake imekwenda wapi.

Sasa niifikie aibu yenyewe. Nilikuwa nimehesabu marudio ya viambishi katika matini nilizokuwa nikichanganua, nikayaweka katika saraka moja. Siku moja kumbukumbu ilijaa. Nikaamua kufuta saraka niliyodhani ni ya zamani. Nilitumia amri ya PURGE, mashine ikakataa na kuniambia kuwa saraka hiyo si tupu. Hilo lilikuwa onyo la kiungwana. Badala ya kufungua niangalie kilichomo, nilikasirika, nikatumia amri nyingine, PGDIR, ambayo hufuta chumba pamoja na vyote vilivyomo. Kazi ya wiki tatu ilitoweka kabla sijainua kidole. Nilikuwa nimeipa saraka ile jina la herufi moja, Z, jina ambalo halikunikumbusha lolote. Wala sikuwa nimenakili nambari zile katika karatasi. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Nilikuwa nikiifundisha methali hiyo darasani.

Nimelisimulia hili ili mwanafunzi aone kuwa kosa langu na la yule msichana ni la ukoo mmoja. Yeye hakujua kilichomo, nami pia sikujua. Tofauti ni kwamba mimi nilikuwa nimeshapata shahada mbili, na nilipokosea sikujiambia kuwa sina akili. Nilijiambia kuwa sikuwa mwangalifu. Mtoto wa miaka 16 asiyefundishwa hana njia ya kuzitenganisha hukumu hizo mbili, na ndiyo sababu naliona jambo hili kuwa la haki, si la ufundi peke yake.

Najua kuna pingamizi, nami sitazikwepa.

La kwanza ni kwamba muda hautoshi. Naelewa, silabasi ni ndefu na madarasa yamefurika. Lakini vitenzi vinne nilivyovitaja vilimchukua msichana yule muda usiozidi dakika kumi. Dakika hizo ni chache kuliko zile anazopoteza mwalimu akitafuta kosa lisilokuwepo daftarini.

Pingamizi la pili ni kwamba vikokotoo vinazeesha akili na kuwafanya watoto wavivu. Huenda ikawa kweli kwa anayebonyeza bila kufikiri. Lakini anayeamua ni nambari gani aiweke, aipe jina gani, na aifute lini, huyo anafikiri. Tena anafikiri hasa kama mwandishi wa programu.

Na hapo ndipo penye pingamizi la tatu, ambalo hutoka kwa watu wa maendeleo: kwamba kikokotoo ni chombo cha jana, na watoto wapewe kompyuta. Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, iliidhinisha mtaala wa kufundisha uandishi wa programu katika shule za msingi na za upili. Niliipokea habari hiyo kwa furaha. Lakini nataka kuuliza kwa unyenyekevu: mtoto wa Lindi au Gatina ambaye shule yake haina kompyuta ya kumtosha, aanzie wapi? Mimi nasema aanzie kwenye kile kidude kilichomo mfukoni mwa mwenzake. Humo mna vigeu tisa vyenye majina. Mna kuweka, kuita, kuongezea na kufuta. Siku atakapoketi mbele ya kompyuta, dhana ya kigeu haitakuwa ngeni kwake, na saraka atailinganisha na mtaa wake. Tena vijana wetu wana uzoefu tayari: ni nani kati yao ambaye simu yake haijajaa, akalazimika kuchagua picha ipi ifutwe na ipi ibaki? Wanalolifanya kwa picha ndilo ninalotaka walifanye kwa nambari.

Siitaki serikali ibadilishe sheria yoyote ya mitihani. Ni haki kabisa mashine zinazopangiwa programu zizuiwe, kwa sababu mwenye uwezo wa kununua angeingia na majibu yaliyofungwa ndani, na mtoto wa Kawangware angeshindana na pesa za mzazi wa mwenzake. Ninachoomba kinaweza kufanywa Jumatatu ijayo, bila bajeti.

Walimu wenzangu wa hesabu, siku ya kwanza mnapowaruhusu wanafunzi kutumia vikokotoo, wafundisheni vitenzi hivi vinne kabla ya jambo jingine. Waonyesheni ile M ndogo kwenye kioo. Katika somo la takwimu wakumbusheni kufuta data ya zamani kabla ya kuingiza mpya, kwani wastani wa darasa moja ukichanganyika na wa darasa jingine, hakuna ajuaye ni wastani wa nani. Nanyi walimu wa Kiswahili, msikae kando mkidhani hili haliwahusu. Wapeni watoto maneno. Mwalimu wa hesabu akiwa na neno kigeu, na neno saraka, atafundisha kwa wepesi zaidi.

Nanyi wanafunzi, mnaoazimana kikokotoo kimoja, fanyeni kama mnavyofanya kwa kikombe cha chai. Anayemaliza hukisuza kabla ya kumpa mwenzake, na anayepokea hukitazama ndani kabla ya kumimina. Katika fx-82MS bonyeza SHIFT, kisha CLR, kisha 1, kisha alama ya ni sawa na, na vigeu vyote vitakuwa sifuri. Lakini kabla hujafuta, muulize mwenzako kama kuna kitu chake humo anachokihitaji. Mimi sikujiuliza, na nilipoteza wiki tatu.

Jumamosi iliyopita nilirudi kwenye chumba kile cha karibu na Toi. Yule msichana alikuwa akimkabidhi mvulana kikokotoo. Kabla hakijatoka mkononi mwake nilimwona akikiinamisha kidogo kuelekea dirishani, akaukagua ukingo wa juu wa kioo, akabonyeza vitufe vinne, ndipo akakitoa.